Masikio ya Marehemu

Msomaji ambaye ukurasa wake wa wiki jana ulifungiwa misumari dukani asihangaike. Nilifukuzwa kazi, ndiyo habari yenyewe. Kosa langu lilikuwa koti.

Studio niliyokuwa nikifanyia kazi ina koti moja jeusi, la zamani kuliko mimi, linaloning'inia nyuma ya pazia pamoja na tai yake. Mteja akija na shati lililochoka, anavalishwa koti, anakaa wima, anapigwa picha, anavuliwa, anakwenda zake. Nusu ya waheshimiwa waliotundikwa kwenye sebule za mji huu wamevaa koti hilo hilo kwa zamu.

Nami nililipiga pasi huku nimebana simu begani, nachekeshana na mchumba wangu. Pasi ikatokea upande wa pili.

Bosi wangu tulimwita Mzee Kofia, kwa sababu kofia yake ya sufi haikuwahi kutoka kichwani, iwe jua iwe mvua. Wapo waliosema ana upara, wapo waliosema ana pembe. Alilinyanyua lile koti, akalielekeza dirishani, akachungulia kwenye tundu, akanikuta upande wa pili. Kisha akafungua mdomo.

"Toka."

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikieni yaliyofuata, maana mimi nimeachishwa kazi lakini mkosi wangu bado umeajiriwa.

Mchumba wangu ni mpima macho. Kutwa nzima anawaonyesha watu herufi ukutani na kuwauliza wanaona nini. Jioni ananitazama mimi na kujiuliza mwenyewe aliona nini. Ni mzuri, sikatai, lakini kilichoniangusha hasa ni masikio yake. Yamesimama mbali na kichwa kama milango ya kabati iliyogoma kufungika. Yeye huyafunika kwa kitambaa, nami kila siku namwambia ayaache yapate upepo.

Kikwazo ni mama yake. Ni mwalimu mkuu, na mji mzima unamwita Mwalimu, hata wazee wa rika lake. Posa yangu ilikaa kwake kama daftari la mtoto mtoro, halisahihishwi wala halirudishwi.

"Mwanangu haolewi na mtu ambaye kazi yake ni kubonyeza," alisema.

"Na sasa hata kubonyeza amefukuzwa, Mama," mchumba wangu akadakia. Hiyo ndiyo misaada yake.

Ikatokea kwamba Mwalimu anastaafu. Shule ikaamua kumuaga kwa sherehe, na kamati ikataka onyesho la picha za maisha yake, ukutani, kwa projekta. Mchumba wangu akanipigania mpaka kazi ikawa yangu. Mwalimu akaniita ofisini kwake. Kiti hakunipa.

"Utatengeneza," akasema. "Nikijiona nimependeza, nitajibu posa yako siku hiyo hiyo mbele ya watu. Nikijiona kituko, nitajibu vile vile mbele ya watu."

"Ahsante sana, Mwalimu."

"Usishukuru kabla ya matokeo."

Kwa hiyo eleweni vizuri. Wengine walikuwa wanakwenda kutazama picha. Mimi nilikuwa nakwenda kutazama kama nitaoa.

Picha nilizipata kwa ulaini. Familia yao ina kundi kwenye simu, na kila mmoja alinirushia alizonazo. Nikazipanga, nikatia muziki, nikazifanya nyingine ziingie kwa kuzunguka, nyingine zidondoke kutoka juu, moja nikaifanya ipasuke kama puto. Kwenye kioo cha simu ziliwaka kama mpya.

"Umezijaribu ukutani?" mchumba wangu akauliza.

"Ya nini? Hebu ona zilivyo kali."

"Wagonjwa wangu wote wanaona vizuri kiganjani. Wakitazama ukutani ndipo wanapoomba miwani."

Nilimpuuza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilidhani yangu yote yameshavunjika, hakuna lililobaki. Lakini alinishika mkono, tukaenda ukumbi wa shule mchana ule, watoto wakiwa madarasani. Tukafunga mapazia. Nikawasha projekta.

Ukutani hakutokea Mwalimu. Vilitokea vigae. Kimoja cha kahawia, kimoja cha waridi, kimoja cheusi mahali ambapo pengine palikuwa na jicho.

"Mama amekuwa ukuta wa bafu," mchumba wangu akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Nilijua kilichotokea, na aibu ni kwamba nilikijua tangu mwanzo, uvivu tu. Picha ya kompyuta ni vitone. Ikiwa na vitone vingi, ukuta unatosheka. Ikiwa na vichache, kila kitone kinalazimika kunenepa ili ukuta ujae. Na simu ikituma picha huipunguza vitone ili ipite upesi. Mjomba kamtumia binamu, binamu kamtumia dada, dada kanitumia mimi, na kila mmoja kala tonge lake. Picha ni kinyume cha umbeya. Umbeya ukipita kwa wengi unanenepa, picha ikipita kwa wengi inakonda.

"Si uikuze tu?" akauliza.

"Nimeikuza, ndiyo hiyo. Ni kuongeza maji kwenye mchuzi. Sufuria itajaa, nyama ni ile ile."

Akafuta machozi ya kicheko. Nikabonyeza, ikaja picha inayofuata, na hapo kicheko chake kikakatika.

Ilikuwa picha ya harusi ya wazazi wake. Bibi harusi alionekana kidogo, kwa kubahatisha. Bwana harusi alikuwa koti jeusi, tai, na juu ya tai ukungu. Marehemu alifariki binti yake akiwa bado anatambaa, na alikuwa mtu asiyependa kamera. Picha aliyoacha ni hiyo moja.

"Wenzangu wana baba," akasema polepole. "Mimi nina doa lililovaa tai."

Nikaketi sakafuni kando yake.

"Nifanyie kitu kimoja," akasema. "Nataka nimwone akiwa na macho, mara moja tu. Na usinionyeshe kabla. Nimwone siku hiyo, ukutani, nikiwa na Mama."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo mweupe kabisa, na nawaomba mkumbuke hilo mtakapofika mbele.

Dawa ilikuwa moja, kuzipata picha zenyewe za karatasi. Albamu ya familia ilikuwa kwa Shangazi, dada wa marehemu. Marehemu alipozikwa, Mwalimu alibaki na mtoto, Shangazi akabaki na picha, na hakuna aliyewahi kutamka kuwa huo ulikuwa mgawo. Albamu ilikuwa ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda, na juu ya kitanda alilala Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hilo begi lina nini?"

"Skana, Shangazi. Mashine ya kunakili picha."

"Itanakili hapa hapa sebuleni. Picha haivuki kizingiti changu."

Akaketi mbele yangu, magoti kwa magoti, kama msimamizi wa mtihani. Nikaweka albamu kwenye skana, nikajaribu. Kwenye kompyuta ikaja nuru nyeupe, na ndani ya nuru ile balbu ya sebule yake.

"Plastiki inarudisha mwanga," nikamweleza. "Lazima nizitoe ndani ya mifuko yake. La sivyo tutamwonyesha Mwalimu balbu yako."

"Toa. Ila ukikunja hata ncha, nitakukunja na wewe."

Nikaanza. Kila picha nikaitoa, nikaipangusa kwa kitambaa laini, nikaiskani kwa kiwango cha juu kuliko vyote, maana niliumwa na nyoka nikawa naogopa kamba. Mambo yakaenda. Mwalimu msichana na madaftari kifuani. Mwalimu na chaki mkononi. Shangazi akalegea, akaanza kunisimulia nani alikuwa nani. Tukafika kwenye harusi.

"Kaka yangu huyo," akasema. Sauti ilimbadilika. "Picha yake ndiyo hiyo hiyo duniani. Mshike taratibu."

Mara birika likapiga kelele jikoni. Akanyanyuka.

Nikavuta.

Picha ilitoka. Uso wa bwana harusi haukutoka.

Unyevu wa miaka yote ile ulikuwa umeigandisha picha na plastiki mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni pale. Mkononi mwangu alibaki mwanamume mwenye tai, mabega na weupe wa karatasi. Uso ulikuwa kwenye plastiki, umechanika vipande vipande kama rangi ya ukuta mbovu.

Natubu hapa, mbele yenu nyote. Mtu mwenye heshima zake angeita, "Shangazi, njoo, nimeharibu." Mimi nilisikia kijiko kinagonga kikombe jikoni, nikafikiria ndoa yangu, nikanyamaza.

Nikataka kuirudisha haraka kwenye mfuko wake. Ilikataa kuingia, kuna kitu kilikuwa kinazuia ndani. Nikatia vidole, nikavuta, ikatoka picha ya pili. Ilikuwa imefichwa nyuma ya ile ya harusi.

Ilikuwa ya kijana mmoja, peke yake, safi kama imepigwa jana. Koti jeusi lile lile, na tai ile ile. Nywele nyingi, macho yanacheka. Na masikio! Yamesimama mbali na kichwa, kila moja limekwenda upande wake. Nilikuwa nimeyabusu masikio yale Jumapili iliyopita.

Mtu mwenye akili angejiuliza maswali mawili. La kwanza, si Shangazi amesema picha ya kaka yake ni moja tu duniani? La pili, kwa nini hii imefichwa? Lakini akili ni nywele, na mimi hunyoa. Nilichojiambia ni kwamba Mungu hamtupi mja wake. Koti lake, tai yake, masikio ya binti yake. Ushahidi gani tena nautaka?

Nikaiskani, na ile ya harusi isiyo na uso nayo nikaiskani. Nikaziingiza zote mbili kwenye mfuko, nikasukuma vile vipande vya uso mahali pake kwa ukucha. Kwa mbali ungesema ni mzima.

Shangazi akaingia na chai.

"Umemaliza kumnakili kaka yangu?"

"Nimemmaliza, Shangazi," nikasema, na ile chai ikaniunguza ulimi.

Nyumbani nikamhamisha yule kijana kutoka picha yake hadi picha ya harusi. Kazi ilikuwa rahisi mno, nayo ilitosha kunitia shaka kama ningekuwa mtu wa shaka. Shingo iliingia kwenye kola kana kwamba imezaliwa humo. Nikalinganisha vivuli, nikafuta mstari wa kiungo. Bibi harusi akawa amesimama na mwanamume anayecheka.

Balaa jingine likaja, ila hili dogo. Picha zilikuwa nzito kupita kiasi. Nilipoliendesha onyesho kompyuta ikakoroma, picha ya tatu ikakwama katikati, muziki ukaisha Mwalimu akiwa bado darasa la pili. Nikampigia mchumba wangu nikilalamika. Jana vitone vichache, leo vitone vingi, hata hujui wanataka nini.

"Mgonjwa hapewi miwani ya nguvu zote zilizopo kliniki," akasema. "Anapewa ya macho yake. Projekta yako ina macho ya ukubwa gani?"

Nikatazama kipimo cha projekta, nikapunguza kila picha ilingane nacho. Ikawa nyepesi, ikateleza kama mafuta. Nikaondoa na zile mbwembwe za kuzunguka na kupasuka. Picha moja tu niliiacha kubwa, ile ya harusi, kwa sababu nilitaka ipande ukutani pole pole, kutoka viatu hadi uso. Mchumba wangu aliomba kumwona baba yake. Nilitaka amwone kwa heshima.

Siku ikafika. Ukumbi ukajaa walimu, wazazi, na watu wazima waliowahi kuchapwa na Mwalimu ambao bado walikaa wima akiwatazama. Yeye mwenyewe alikaa safu ya mbele, Shangazi kushoto kwake. Mchumba wangu alikuja nyuma kukaa nami kwenye mashine. Siku hiyo hakuvaa kitambaa, masikio yalikuwa nje.

"Baba ayaone," akasema.

Na mpigapicha aliyeletwa na kamati alikuwa nani? Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mzee Kofia, na kamera yake shingoni. Aliniona, akatazama pembeni kama ameona uchafu.

Mwalimu akasimama kukaribisha watu. Kabla hata ya salamu, akanyoosha kidole.

"Ndani ya ukumbi huu hakuna kofia. Wewe mpigapicha. Vua."

Nilisubiri vita. Mzee Kofia, mtu aliyewahi kumfukuza mteja kwa kupiga chafya, akainamisha kichwa na kuivua kofia yake taratibu, kama mwanafunzi. Upara ulikuwepo. Pembe hazikuwepo. Yalikuwepo masikio, tena makubwa, yamesimama yanasikiliza ukumbi mzima.

Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunaogopa masikio! Ndicho kitu pekee nilichofikiri, naapa. Mapazia yakafungwa, nami nikabonyeza.

Jamani, ilipendeza. Mwalimu msichana alitokea ukutani na kila uzi wa sketi yake ukionekana. Ukumbi ukaguna kwa raha. Mwalimu na chaki, na vumbi la chaki likaonekana kwenye vidole. Watu wakaanza kuitana, "Yule mimi! Yule wa nyuma mimi!" Shangazi akapiga makofi. Mwalimu akageuka polepole, akanitafuta gizani, akanitikisia kichwa mara moja. Wanaomfahamu wanajua, kwake hiyo ni alama ya mia.

Nimeoa, nikasema moyoni. Nimeshaoa.

Ikaja harusi.

Vikatokea viatu kwanza. Kisha upindo wa gauni. Kisha mikono miwili imeshikana. Picha ikapanda, ikafika kwenye koti, na vifungo vikaanza kupita, kila kimoja kikubwa kama sahani. Cha kwanza kilikuwa na matundu manne. Cha pili manne. Cha tatu manne.

Cha nne kilikuwa kikubwa kuliko wenzake, na kilikuwa na matundu mawili.

Kifungo kile nakijua. Nimekizunguka kwa ncha ya pasi kwa miaka, maana si cha koti lile, kilipachikwa tu cha asili kilipopotea. Kwenye kompyuta yangu kilikuwa kidogo kama punje, sikukitazama. Ukutani kilinitazama chenyewe.

Lilikuwa koti la studio. Marehemu aliliazima, kama kila mtu. Na kama marehemu aliliazima, basi yule kijana wa picha ya pili naye angeweza kuwa mtu yeyote aliyewahi kupita nyuma ya pazia lile.

Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Mchumba wangu akaukamata mkono wangu kwa nguvu.

"Usiguse," akanong'ona. "Ndiyo anakuja. Acha nimwone."

"Nisikilize kwanza..."

"Acha nimwone!"

Tai ikapita. Kidevu kikapita. Uso ukajaa ukutani, macho yanacheka, masikio kila moja na upande wake. Mchumba wangu aliachia pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu utotoni.

"Baba," akasema.

Safu ya mbele mtu akaangusha kiti. Alikuwa Shangazi.

"Huyo si kaka yangu!"

Akaunyooshea ukuta kidole.

"Nasema huyo si kaka yangu! Nani huyo amevaa harusi ya kaka yangu?"

Ningekuwa na pa kukimbilia ningekimbia, ila mchumba wangu bado alikuwa ameushika mkono wangu. Hapo ndipo nikamwona Mzee Kofia. Alikuwa amesogea mbele kupiga picha ya ukuta, na sasa alisimama katikati ya mwanga wa projekta, kamera imeshuka kifuani, mdomo wazi. Kivuli cha kichwa chake kilianguka juu ya picha. Masikio ya kivuli yakakaa juu ya masikio ya bwana harusi, yakaenea sawasawa bila kupungua wala kuzidi.

Watu wakamtazama yeye, wakautazama ukuta. Kisha kichwa kimoja kikageuka nyuma, kingine kikafuata, mpaka ukumbi mzima ukawa unamtazama mchumba wangu, ambaye siku hiyo kati ya siku zote hakuvaa kitambaa.

Mkono wake ukauacha wangu. Ukapanda taratibu mpaka kwenye sikio lake, ukabaki hapo.

"Zima!" Shangazi akapiga kelele. "Zima hilo dubwana!"

Nikanyoosha mkono kuzima.

"Iache," akasema Mwalimu.

Hakupaza sauti, hajawahi kuwa na haja. Akanyanyuka, akatembea hadi mbele, akasimama chini ya picha yake mwenyewe akiwa bibi harusi. Akaitazama muda mrefu. Mimi nilitegemea hasira. Nilichokiona usoni pake, kwa ule mwanga wa projekta, kilikuwa kitu kama nafuu.

"Ile picha yenye uso huu nilijua ilipo," akasema. "Niliificha mwenyewe. Albamu ikachukuliwa, nami ningeidai vipi bila kuulizwa nadai nini?"

Akamgeukia Shangazi, na sauti ikamlainika.

"Wifi, kaka yako alijua. Nilimwambia kabla mtoto hajazaliwa. Alinyamaza siku nzima, kisha akasema mtoto huyo ni wake. Akamwita wake mpaka anakufa. Mwanamume yule sijapata kuona wa kufanana naye, na nilikuwa natafuta namna ya kusema hivyo mbele ya watu tangu siku tulipomzika."

Shangazi akainama. Akakiinua kiti chake, akakikalia, akajifunika uso kwa viganja.

Mzee Kofia hakuwa ametikisika. Alikuwa anamtazama mchumba wangu tu, na kofia yake anaikunjakunja mkononi kama mtu anayekamua nguo. Nilimfanyia kazi miaka mingi. Sijawahi kumwona akitazama kitu bila kutumia kamera.

"Mama," mchumba wangu akaita kutoka nyuma. Sauti ilikatika, akaikusanya tena. "Mama, na yeye alikuwa anajua?"

"Hakujua," akasema Mwalimu. "Amejua sasa hivi, pamoja na wewe."

Akachukua kipaza sauti, akakigonga kwa kidole kama anavyofanya asubuhi za Jumatatu. Nikadhani anakwenda kuwaaga watu waende makwao. Nilikuwa nimeshaisahau hata posa yangu, ndugu zangu. Yeye hakuisahau.

"Nilitoa ahadi," akasema. "Nilisema nikipendeza ukutani, kuna kijana nitamjibu leo mbele yenu. Nimependeza. Sijawahi kujiona vizuri namna hii, na mengine yaliyoonekana si kosa la picha."

Nikaiweka sawa kola ya shati langu.

"Mimi kwa upande wangu nimeridhika. Lakini binti huposwa kwa wazazi wake wawili, na leo kumbe wapo wote humu ndani."

Akakinyoosha kipaza sauti kwa Mzee Kofia.

"Muulizeni baba yake."

Mchumba wangu alikuwa analia kimya kimya, mkono bado sikioni. Nami nilisimama nyuma ya mashine, mtu aliyelitoboa koti, aliyemchana uso marehemu na kumpachika mwingine. Ndoa yangu yote ilikuwa imehama kutoka kwa mwanamke aliyenitikisia kichwa na kwenda kwa mwanamume aliyenifukuza kazi.

Mzee Kofia akakipokea kile kipaza sauti kwa mikono miwili. Akageuka. Akakunja uso kwa sababu ya mwanga, akachungulia ndani yake vile vile alivyochungulia kwenye tundu la koti lake, akanikuta upande wa pili.

Kisha akafungua mdomo.